Kiwavijeshi vamizi anahamaje shambani? Mwongozo kamili wa kumfuatilia mche kwa mche

Wakulima wengi hukimbilia duka la pembejeo siku wanapoona majani ya mahindi yamechanika na moyo wa mche umejaa kinyesi. Siku hiyo kiwavijeshi vamizi ameshamaliza karibu safari zake zote. Aliletwa shambani akiwa yai, akatawanyika akiwa mdogo kiasi kwamba jicho lisilozoea halimwoni, akachagua mche wake, akaingia ndani na kuziba mlango kwa kinyesi chake mwenyewe. Dawa inayopuliziwa juu ya majani wakati huo inamkosa, na pesa imekwenda.

Kwa hiyo hapa tutazifuata safari zake, kwa sababu ukijua anahama lini na kwa njia gani, utajua pia wiki ya kukagua, sehemu ya mche ya kuangalia na lini mkono wako unatosha bila bomba. Nitashikilia mahindi zaidi, kwa kuwa ndiko anakotutia hasara kubwa, ingawa mtama na mazao mengine ya jamii ya nyasi nayo hayasalimiki.

Kwanza ujue unapambana na nani

Mdudu huyu asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Barani Afrika aliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, katika nchi kama Nigeria, Benin na Togo. Kufikia 2017 alikuwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2018 akaonekana India, 2019 China, 2020 Australia. Kasi hiyo si ya kiwavi anayetambaa. Ni ya nondo, mama yake, ambaye kwa usiku mmoja anaweza kusafiri hadi kilomita 100 akisaidiwa na upepo.

Ili umtambue kiwavi, mshike aliyekomaa kidogo umtazame kichwani: kuna mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Kisha angalia karibu na mkiani. Utaona madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Ukiyaona yote mawili, ndiye. Rangi ya mwili isikudanganye, kwani anaweza kuwa kijani, kahawia au karibu mweusi.

Kuna ndugu yake wa zamani, kiwavijeshi wa Afrika, ambaye wazee wetu wanamjua vizuri. Huyo akizidi anakuwa mweusi, hutembea mchana kweupe kwa makundi makubwa, anamaliza malisho, mpunga, mtama, ngano na mahindi, halafu ghafla anatoweka kwa sababu wote huingia ardhini karibu kwa wakati mmoja. Kwa huyo, kuchimba mtaro kuzunguka shamba kuna maana, maana anakuja kwa miguu kama kundi. Milipuko yake hufuata mvua na upepo, ndiyo maana kituo cha Tengeru, Arusha, kwa miaka mingi kilikusanya taarifa za mitego ya nondo kutoka mikoani ili kutabiri atakapoibuka. Kwa kiwavijeshi vamizi, mtaro peke yake hausaidii sana. Yeye kwa kawaida haji kwa miguu. Anashuka kutoka juu, usiku, mche mmoja hapa na mwingine pale.

Tofauti hii ndiyo inayofanya watu wapoteze wiki mbili za mwanzo. Wanasubiri jeshi lionekane likipita, kumbe adui ameshatawanywa ndani ya shamba zima.

Safari ya kwanza: nondo anafika

Nondo jike anatembea usiku. Anapendelea mahindi machanga, na akiyapata anataga kwa mafungu. Fungu moja lina mayai 100 hadi 200 hivi, na katika maisha yake yote anaweza kufikisha mayai 1,500 au zaidi. Anaishi kwa wastani siku kumi, ingawa wengine hufika wiki mbili au tatu. Hana kipindi cha kulala usingizi akisubiri msimu urudi kama wadudu wengine wafanyavyo. Penye joto na mahindi mabichi, anaendelea kuzaliana mwaka mzima: yai hadi nondo ni kama siku 30 kukiwa na joto la kutosha, na miezi miwili au zaidi kwenye baridi.

Fikiria maana yake kijijini. Mmoja alipanda mvua za kwanza, jirani akapanda wiki tatu baadaye, wa tatu ana mahindi ya kumwagilia bondeni ili auze mabichi. Nondo wanaotoka shamba la kwanza wanalikuta la pili likiwa katika umri wanaoupenda, wakitoka hapo wanashukia la tatu. Aliyechelewa kupanda ndiye anayebeba mzigo wa wote waliomtangulia. Kwa maoni yangu hakuna dawa inayoshinda makubaliano ya kitongoji kupanda ndani ya wiki moja au mbili, mara mvua zinapokuwa zimeshika. Ni jambo gumu, najua. Mbegu ya ruzuku inachelewa, trekta ni moja, ng'ombe wa kulimia ni wa kuazima. Lakini likizungumzwa mapema kwenye kikao cha kijiji, linapata watu.

Mtego wa harufu ya jike, ule wa ndoo wenye kidonge cha kuvutia nondo, unakusaidia kujua kwamba wageni wameingia. Utundike pembeni mwa shamba au ndani yake, kimo cha juu kidogo ya mimea, na ubadilishe kidonge kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Usiutegemee kupunguza wadudu. Unakamata madume tu, na jike aliyekwisha kupandwa hana habari nao. Uchukulie kama kengele: madume wakianza kuingia, anza kukagua mayai.

Safari isiyoonekana: kutoka kwenye fungu la mayai

Hapa ndipo penye siri kubwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Mahindi yakiwa madogo, chini ya magoti, mayai hupatikana zaidi upande wa chini wa majani ya chini, karibu na pale jani linaposhikana na shina. Mimea ikikua, nondo hupanda majani ya juu zaidi. Wakiwa wengi sana wanataga popote, hata kwenye magugu na nguzo za uzio. Fungu la mayai limefunikwa na manyoya laini ya rangi ya kijivu au krimu, yaliyotoka tumboni mwa mama. Ukiligusa linaacha vumbi kidoleni. Mwanzoni mayai ni ya rangi ya krimu au kijani hafifu, baadaye yanakuwa kahawia, na karibu na kuanguliwa yanatiwa weusi kwa sababu vichwa vya watoto vinaonekana kupitia ganda. Kwenye joto, yote hayo huchukua siku mbili au tatu.

Fungu jeusi lina tafsiri nyingine pia. Kuna nyigu wadogo mno, wadogo kuliko sisimizi, wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, na mayai yaliyoingiliwa na baadhi yao huwa meusi vilevile. Ukitaka kujua, kata kipande cha jani chenye mayai hayo, kitie kwenye chupa angavu, funga mdomo wake kwa kitambaa chepesi, weka kivulini. Kama wametoka viwavi, waponde. Kama wametoka vidudu vyenye mabawa, una wasaidizi shambani. Waachie, na ufikiri mara mbili kabla ya kupulizia sumu inayoua kila kitu.

Viwavi wakianguliwa, kwanza wanakula maganda ya mayai yao. Kisha wanatulia kidogo, wamekusanyika, vichwa vyeusi na miili myeupe isiyozidi milimita mbili. Baada ya hapo wanaanza kupanda kuelekea juu ya mche na kwenye ncha za majani. Huko kila mmoja anatoa uzi wa hariri mdomoni, anajiachia, ananing'inia. Upepo mdogo tu ukipita, uzi unamnyanyua na kumpeleka mche wa jirani, au wa tatu yake. Wasipopata upepo, hupita juu ya majani yanayogusana kutoka mche hadi mche.

Ukitaka kuwaona, nenda shambani asubuhi mapema, jua likiwa bado chini, ujiweke upande ambao mimea iko kati yako na jua. Nyuzi zitang'aa. Kuzikuta ni suala la kuwahi: zipo siku ya kuanguliwa na moja au mbili zinazofuata, basi.

Wengi hufa katika safari hii. Wanaanguka ardhini, wanaliwa na sisimizi na buibui, mvua kubwa inawasomba au inawazamisha ndani ya moyo wa mche. Ndiyo sababu wiki za mvua nzito mara nyingi huwa na nafuu, na kiangazi cha katikati ya msimu huja na mlipuko. Wanaosalia wanasambaa zaidi katika mstari uleule na mistari ya pembeni, ndipo unapata lile duara la mimea iliyoshambuliwa likizunguka mche mmoja ulioanza. Ukiona duara kama hilo, usiangalie mche ulioumia zaidi peke yake. Zunguka mistari miwili mitatu kila upande, kwani walio pembeni ndio wadogo, na wadogo ndio wanaouawa kirahisi.

Kusoma jani

Jani linakuambia umri wa kiwavi kuliko kiwavi mwenyewe, maana hutalazimika kumtafuta.

Wale wa siku za kwanza hawawezi kutoboa jani. Wanakwangua upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba ya upande wa pili, hivyo jani linakuwa na madoa angavu yanayopitisha mwanga. Maafisa ugani huyaita madirisha. Ukiona madirisha bila matundu, viwavi wako ni wadogo, na huu ndio wakati wako.

Wakifika hatua ya tatu kati ya sita za ukuaji wao wanaingia ndani kabisa ya moyo, kwenye majani yaliyojiviringa. Wanatoboa tabaka kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo jani linapofunguka unaona mstari wa matundu yamejipanga sawasawa kukatiza jani. Kuanzia hapa tabia inabadilika: wanakulana. Mkubwa anamla mdogo, hadi mche mmoja unabaki na kiwavi mmoja, mara chache wawili. Pasua mche ulioharibika sana utathibitisha. Watu wanashangaa kukuta mmoja tu ndani ya uharibifu wote ule.

Hatua ya nne hadi ya sita ni za ulaji mkubwa. Vipimo vya siku nyingi vya huko Marekani vilionyesha kwamba kiwavi wa hatua ya sita, ya mwisho, peke yake anakula zaidi ya robo tatu ya majani yote anayokula maishani, wakati hatua tatu za kwanza kwa pamoja hazifiki asilimia 2. Majani sasa yamechanika ovyo, na moyo umejaa kinyesi kama vumbi la mbao lililolowa. Kinyesi hicho ni kizibo. Dawa inayomwagwa juu inaishia hapo.

Halafu kuna jambo ambalo linaokoa pesa nyingi na watu hawalifanyi: tofautisha jeraha jipya na la zamani. Fungua moyo wa mche kwa vidole. Kama jani changa la katikati ni safi na kinyesi kilichopo kimekauka, kiwavi hayupo tena. Amekufa, ameliwa, au amekwenda udongoni. Mche unaonekana vibaya, lakini mahindi yana uwezo mkubwa wa kutoa majani mapya yakiwa na mbolea na maji. Kupulizia hapo ni kuadhibu majani.

Ukaguzi wenyewe

Anza wiki ya kwanza baada ya kuota, rudi angalau mara moja kwa wiki, na mara mbili kwa wiki kwa siku 40 za mwanzo ukiweza. Nenda asubuhi au jioni, kwa sababu joto la mchana wanajificha.

Ingia hatua kama tano kutoka ukingoni, kwa kuwa kingo zina mambo yake na zitakupotosha. Tembea kwa umbo la herufi W ukilivuka shamba lote, ukisimama sehemu tano. Kila unaposimama kagua mimea kumi iliyofuatana bila kuchagua. Usiende kwenye mche unaoonekana umeumia. Mchukue wa mbele yako tu. Hesabu mimea yenye madirisha mapya au kinyesi kibichi moyoni. Mwisho una mimea 50. Idadi uliyopata izidishe mara mbili, hiyo ni asilimia.

Mfano: umepata mimea 12. Hiyo ni asilimia 24. Je, uchukue hatua? Kwa mkulima mdogo, miongozo iliyotolewa kwa ajili ya Afrika mwaka 2018 inasema hivi: mahindi yakiwa machanga, hadi usawa wa magoti hivi, fikiria kutibu yanapofikia asilimia 20, kutegemea hali yako kati ya 10 na 30. Mahindi yakiwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, kikomo kinapanda hadi asilimia 40. Kwa hiyo 24 kwenye mahindi ya wiki tatu ni ishara ya kufanya kazi. 24 kwenye mahindi ya kifuani ni ishara ya kurudi wiki ijayo.

Najua kuacha shamba lenye majani yaliyotoboka kunaumiza roho. Lakini uharibifu wa majani na upungufu wa gunia si kitu kimoja. Utafiti uliofanywa kwenye mashamba ya wakulima wadogo mashariki mwa Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta hasara ya mavuno ya karibu asilimia 12, kiasi kidogo kuliko hofu iliyokuwapo miaka ya kwanza ya uvamizi. Asilimia 12 ni chakula cha watoto, hatuidharau. Ila haitoshi kulipia dawa mizunguko mitano.

Kumkatia njia

Utafiti huohuo wa Zimbabwe uligusa moja kwa moja suala la kuhama. Mashamba yaliyopaliliwa mara kwa mara yalikuwa na uharibifu mdogo. Yale yaliyochanganywa na maboga yalikuwa na mkubwa zaidi, na watafiti walidhani sababu inaweza kuwa kwamba maboga yanawapa nondo maficho au yanawapa viwavi daraja la kupita kutoka mche mmoja hadi mwingine. Sisemi uache kupanda maboga. Mboga ya majani yake ina kazi yake nyumbani. Yapeleke pembeni, au yawe machache.

Kwenye palizi, muda ni muhimu kuliko wingi. Magugu ya jamii ya nyasi yanalisha viwavi. Ukiyaacha yakue, halafu ukayalima yote siku moja yakiwa na viwavi wakubwa, umewanyang'anya chakula, na chakula kilichobaki ni mahindi yako. Wakubwa wanatembea ardhini vizuri sana. Wakikuta mche mchanga wanaukata shingoni kama sota, yule kiwavi wa ardhini anayekata miche, na mkulima anaanza kutafuta sota. Palilia mapema, magugu yakiwa vidole viwili vitatu.

Kuhusu mazao ya kuchanganya, kilimo cha sukuma-vuta kilichobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Kenya pamoja na watafiti wenzao wa Rothamsted, Uingereza, kilianza kwa ajili ya funza wa kutoboa mashina, miaka mingi kabla mgeni huyu hajafika. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, jamii ya kunde ambayo harufu yake inawafukuza nondo. Kuzunguka shamba unapanda majani ya mifugo, matete au brakiaria, yanayowavuta. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kutoka maeneo makavu ya Kenya, Uganda na Tanzania yalionyesha idadi ya viwavijeshi vamizi kwa mche ikishuka kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na mahindi peke yake. Desmodiamu pia inazuia gugu la kiduha, na ng'ombe wanaila. Ugumu wake ni mbegu, ambayo haipatikani kila duka, na msimu wa kwanza inakua polepole ikitaka palizi ya mkono. Mwenye ng'ombe ataona faida upesi. Asiye na mifugo atasita, na simlaumu. Kuchanganya na maharage au kunde ni hatua ya kati ambayo bado ni bora kuliko mahindi matupu.

Kuua kwa wakati

Ukipita unakagua, ponda mayai kwa vidole. Fungu moja ni viwavi 100 na zaidi ambao hawatasafiri. Kwa robo ekari au nusu ekari, mtu na watoto wakubwa wakipita mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza, kazi hiyo inaweza kutosheleza msimu.

Wakishaingia moyoni lakini bado wadogo, tumia mchanga, udongo laini au jivu. Chukua kiasi kinachoshikwa na vidole vitatu, dondosha katikati ya moyo. Kinawakwaruza na kuwabana. Usijaze moyo mpaka mche ukose pumzi, na usirudie kila siku.

Ukikuta kiwavi ananing'inia kichwa chini, mlaini, mweusi, anachuruzika ukimgusa, amekufa kwa kirusi. Aliyekauka akawa mgumu na unga mweupe au kijani amekufa kwa ukungu. Hawa usiwatupe. Waliokufa kwa kirusi wanaweza kusagwa, kuchujwa kwa kitambaa na kupuliziwa kwenye mimea mingine ili kueneza ugonjwa. Vaa glavu, na tumia chombo ambacho hakitarudi jikoni.

Ikibidi kutumia kiuatilifu, nunua kilichosajiliwa kwa mdudu huyu, yaani kinachotambuliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, kikiwa kwenye kifungashio chake na lebo inayosomeka. Usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Puliza jioni au asubuhi mapema, ncha ya bomba ikielekea moja kwa moja ndani ya moyo, mche kwa mche, si kwa kupunga mkono juu ya mstari. Kipimo ni cha lebo. Kuongeza dozi hakumfikii aliyejificha. Ukihitaji kurudia kwa kizazi kinachofuata, badilisha kundi la dawa, siyo jina la dukani: emamektini benzoeti inauzwa kwa majina mengi, na mkulima anayebadilisha chupa tu anajikuta ametumia sumu ileile msimu mzima na kuwazoeza wadudu. Vaa gambuti, glavu na barakoa, na zingatia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, hasa kwa mahindi ya kuchoma.

Mbelewele ikichomoza

Hapa kuna safari nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Mbelewele inapochomoza, moyo unafunguka na kiwavi aliyekuwa ndani anakosa nyumba. Anashuka kwenye kwapa za majani na kutafuta hindi. Anaingia kupitia ndevu zake, au anatoboa maganda kwa ubavuni. Akishaingia humo, hakuna dawa ya maana. Mkulima mdogo asipulizie hatua hii: hindi linakaribia kuliwa, nyuki wapo kwenye mbelewele, na adui hafikiki. Kinachosaidia ni kuvuna mara yanapokomaa na kuyatenga yaliyotobolewa, kwa sababu tundu hilo ni njia ya ukungu wenye sumukuvu. Yaliyooza wasipewe hata kuku.

Mazao mengine, kwa ufupi

Usihamishe mbinu hizi nzima nzima kwenda kwenye bustani. Kiwavi wa kabichi, yule mdogo wa kijani, ukimgusa anajipinda kwa haraka kurudi nyuma na kujidondosha kwa uzi. Hatari ikipita anapanda uzi wake na kurudi jani lilelile. Kwa hiyo kutikisa kabichi si kumwondoa. Kantangaze wa nyanya, aliyeingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, anakaa ndani ya jani na tunda. Husafiri kwa mabawa, lakini pia kwa gari: matenga yaliyotoka sokoni bila kuoshwa na miche kutoka kitalu chenye mdudu huyo humfikisha mahali ambapo upepo ungemchelewesha. Funza wa vitumba wa pamba na nyanya yeye mama yake anataga yai mojamoja, hivyo usitafute mafungu.

Kwenda ardhini

Kiwavi akishiba hujidondosha na kuchimba udongo kina cha sentimita 2 hadi 8, akawa pupa ya kahawia inayong'aa. Penye joto anakaa humo siku 8 au 9. Kwenye baridi ya Njombe au Nyandarua anaweza kukaa wiki tatu au nne. Kisha anatoka nondo, na usiku huo hayuko tena kwenye hesabu za shamba lako peke yako.

Kulima kunafukua baadhi ya pupa na kuwaachia ndege na jua. Lakini wale wa Zimbabwe waliona uharibifu mdogo kwenye mashamba yasiyolimwa au yaliyolimwa kidogo, pengine kwa sababu wadudu wanaowinda viwavi, sisimizi wakiwemo, hawakuvurugwa. Ningemshauri mwenye udongo mwepesi na mteremko asilime upya kwa ajili ya pupa tu. Aachie sisimizi. Huko Amerika ya Kati kuna wakulima wanaonyunyizia maji ya sukari au mchuzi wa samaki kwenye mahindi ili kuwaita sisimizi wapande. Ni jambo rahisi kujaribu kwenye mistari miwili kabla ya kulipeleka shamba zima.

Mahindi yanayojiotea baada ya mavuno yang'oe. Na kama unamwagilia kiangazi, kagua shamba hilo la bondeni kwa ukali kuliko la masika, kwani nondo wa kijiji kizima hawana pengine pa kwenda.